Je, ujumbe wa WhatsApp unaweza kututangulizia habari ya kipindupindu?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii wa kujitolea katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Shehia yetu ina kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, na kila masika yakikolea huanza kuonekana ujumbe wa watu wanaolalamikia matumbo ya kuendesha, watoto kutapika na visima kuingia maji machafu. Kijana wangu anayesomea kompyuta Unguja anasema anaweza kutengeneza programu itakayosoma ujumbe wote huo, pamoja na wa Facebook, ikatwambia kuwa kipindupindu kinakuja kabla hata kituo cha afya hakijajua. Anasema Wamarekani walishafanya hivyo kwa mafua. Nimevutiwa, lakini nina hofu. Je, ni kweli? Itafanya kazi kwa Kiswahili chetu cha huku? Na ikikosea, si tutawatia watu kiwewe, au tujitie wenyewe matatani na sheria?"

Jibu:

Waalaykum salaam, dada yangu. Hofu yako na hamu ya kijana wako zote zina msingi, kwa hiyo sitaki kuibeza hata moja. Ni kweli kwamba maneno ambayo watu huandikiana yamewahi kutoa fununu ya maradhi kabla takwimu rasmi hazijatoka. Si kweli kwamba programu inaweza kukwambia kipindupindu kimeingia. Kwa shehia moja yenye kundi la watu mia mbili na kitu, naona programu ya kusoma ujumbe ndiyo ingekuwa hatua ya mwisho, kwa sababu kinachochelewesha msaada huko kwenu ni kitu kingine, nami nitakifikia.

Tuanze na yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 1994 ulianzishwa mtandao wa barua pepe unaoitwa ProMED, ambamo madaktari na wataalamu wa nchi mbalimbali hupelekeana habari za maradhi yasiyo ya kawaida. Tarehe 10 Februari 2003 ilichapishwa humo barua fupi ya mtu aliyeuliza kama kuna anayejua lolote kuhusu ugonjwa unaosemekana kuua watu Guangzhou, China. Huo ndio uliokuja kujulikana kwa jina la SARS. Tarehe 30 Disemba 2019 mtandao huohuo ulitoa taarifa ya homa ya mapafu isiyojulikana chanzo chake huko Wuhan, China, iliyokuja kuitwa UVIKO-19. Kanada nayo, tangu mwaka 1997, imekuwa na mfumo unaochuja habari za magazeti kwa kompyuta ili kutafuta dalili za milipuko. Kipindupindu kilipoingia Haiti mwezi Oktoba 2010, watafiti walilinganisha habari za mitandaoni na takwimu za wizara ya afya ya nchi hiyo, wakaona kwamba mwenendo wa ugonjwa ungeweza kuonekana mitandaoni hadi wiki mbili kabla ya takwimu hizo kutolewa. Katika mifumo hii ya tahadhari kompyuta ilikusanya na kuchuja tu, na mwishoni palikuwa na binadamu mwenye ujuzi aliyesoma, akauliza, akapiga simu. Na utafiti wa Haiti ulifanyika baada ya tukio, wakati jibu lilikuwa limeshajulikana. Hilo kijana wako analifahamu, kwamba kuutambua mlipuko uliokwisha kutokea ni rahisi kuliko kuutambua unaokuja.

Habari ya mafua ya Wamarekani ni ya kweli pia, ila amekuhadithia nusu yake. Novemba 2008 kampuni ya Google ilitangaza huduma iliyokadiria kiwango cha mafua kwa kuangalia maneno ambayo watu huyatafuta kwenye mtandao wake. Walichukua maneno milioni 50 yanayotafutwa zaidi, wakayalinganisha na takwimu za kliniki za miaka iliyopita, wakabakisha 45 yaliyokwenda sambamba nazo. Mwanzoni matokeo yalivutia sana. Kisha mwaka 2009 likaja wimbi la kwanza la homa ya mafua ya H1N1, nalo lilikuja nje ya majira ya baridi, huduma ile ikalikadiria chini mno. Katika majira ya baridi ya 2012 na 2013 ikakosea kwa upande wa pili: kilele ilichokadiria kilikuwa karibu mara mbili ya kile kilichoonekana kwa madaktari. Watafiti walioipitia baadaye walieleza katika jarida la Science, mwaka 2014, kwamba kuanzia Agosti 2011 ilikuwa imezidisha makadirio katika wiki 100 kati ya 108. Mwaka 2015 Google wakaacha kuyachapisha makadirio hayo.

Ilikosea kwa sababu programu haijui mafua ni nini. Inajua tu kwamba maneno fulani huongezeka wakati fulani. Wenye huduma wenyewe walieleza kuwa miongoni mwa maneno yaliyokwenda sambamba na mafua yalikuwamo ya mashindano ya mpira wa kikapu wa skuli, kwa kuwa mpira huo huchezwa majira ya baridi, na iliwapasa kuyaondoa. Sasa lilete jambo hilo Pemba. Mwaka 2021 Ramadhani ilianza katikati ya Aprili, mwaka 2022 mwanzoni mwa Aprili, na mwaka 2023 kuelekea mwisho wa Machi, yaani miaka yote mitatu iliangukia ndani ya masika. Lau kijana wako angeifundisha programu yake kwa ujumbe wa miaka hiyo, ingejifunza kwamba maneno "futari", "tambi" na "kufuturu" ni dalili za msimu wa kuharisha, na wala isingeweza kutofautisha tumbo lililovurugwa na chakula kingi cha magharibi na tumbo lililovurugwa na maji ya kisima. Ramadhani husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 imefika Februari, kabla masika hayajaanza. Programu ile ingepiga kengele wakati wa kiangazi, na mvua zikija ikanyamaza.

Ulitaka kujua kama programu itakiweza Kiswahili cha huku. Zipo njia mbili kubwa za kuchambua maandishi. Ya kwanza ni kuipa kompyuta orodha ya maneno ya kutafuta. Ya pili ni kuipa maelfu ya ujumbe ambao watu wameshausoma na kuuwekea alama, huu unahusu mgonjwa wa leo, huu ni kisa cha mwaka jana, huu ni mzaha, kisha ikajifunza yenyewe ni mchanganyiko gani wa maneno unaoelekea upande gani. Njia ya kwanza hukwama upesi katika lugha yetu, kwa sababu kitenzi kimoja huvaa sura nyingi: anaharisha, wameharisha, kaharisha, waliharisha. Ukitafuta neno zima utakosa mengi, na ukitafuta shina peke yake utaokota hata "hajaharisha tangu jana", ambayo ni habari njema ya mtu anayepona. Juu ya hayo watu wetu wana staha. Mama wa Konde hataandika mbele ya wakwe na mashemeji kwamba anaharisha. Ataandika "tumbo laniendesha", au "nimeshinda chooni tangu alfajiri", au ataomba tu dua bila kutaja anaumwa nini. Wengine hawataandika kabisa, watarikodi sauti, na sauti yenye lafudhi ya Pemba, kuku wakiwika nyuma na upepo ukivuma, ni mtihani mzito kwa mashine yoyote.

Yapo na maneno yanayodanganya. Magazeti hayaishi kuandika "homa ya pambano la Simba na Yanga yapanda", na hakuna mgonjwa hapo. Watu wengi huita kila homa malaria kabla ya kupimwa. Majina ya mahali nayo yana mtego wake: akiandika mtu "Chwaka kuna watu wanaumwa", ni Chwaka ya mashariki ya Unguja au ile ya kwenu kaskazini, karibu na Tumbe? Wewe utajua mara moja kwa kuangalia nani ameandika, programu itabahatisha. Programu mpya za akili mnemba zinafahamu Kiswahili vizuri kuliko zile za zamani, hilo nakubali, lakini Kiswahili zilichokulia zaidi ni cha magazeti na vitabu. Halafu ili zisome ujumbe wa jirani zako, mara nyingi ujumbe huo hupelekwa kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi. Sijui wangapi katika kundi lenu wangeridhia hilo wakielezwa waziwazi.

Nataka pia tufanye hesabu moja pamoja, kwa kuwa ndiyo inayonifanya nisiwe na haraka. Tuseme programu ni nzuri sana: kati ya kila ujumbe kumi unaomhusu mgonjwa wa kweli inaunasa tisa, na kati ya kila ujumbe mia usiohusika inakosea miwili tu. Tuseme katika wiki moja kundi lina ujumbe 1,000, na mitano tu ndiyo inayohusu wagonjwa wa kweli. Programu itanasa minne au yote mitano, na pamoja nayo itanasa kama 20 isiyohusika. Kila ikikwita mara tano, mara nne utakuwa umeitwa bure. Wiki ya kwanza utavumilia, ya tatu utaizima sauti ya simu. Uchache wa wagonjwa ndio unaoleta shida hii, wala si uzembe wa mtengenezaji. Ndiyo maana mifumo hii hufaa zaidi kwa nchi au jiji kubwa, ambako matukio ni mengi na makosa hujitenga, kuliko kwa shehia. Ujumbe mmoja uliopelekwa tena na tena na watu arubaini huongeza tatizo, maana mgonjwa mmoja atahesabiwa arubaini.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa hesabu, nalo kwangu ni zito zaidi: kudhani kwamba palipo kimya ni salama. Fikiria wavuvi walio dago, waliolala ufukweni mbali na kwao, wanaokunywa maji ya madumu na hawana choo cha maana, simu zao zikiwa hazina chaji wala kifurushi. Fikiria mama ambaye simu ya nyumbani hukaa na mume, naye kasafiri. Hao ndio walio karibu zaidi na kipindupindu, na hao ndio ambao kundi la WhatsApp haliwasikii. Ramani itakayochorwa kwa ujumbe wa simu itaonesha zaidi wapi pana simu, na ukiiamini utapeleka dawa ya kutibu maji kwa waliokwisha kuchemsha yao.

Isije ikaonekana napinga data za kidijitali. Visiwa vyetu vimepata faida kubwa kwazo, ila ni data za aina nyingine. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kutuma kila wiki, kwa simu za kawaida za mkononi, idadi ya waliofika kituoni, waliopimwa malaria na waliokutwa nayo. Mwaka 2012 ukaongezwa mfumo unaomfuatilia kila mgonjwa: kituo kikiripoti, afisa wa wilaya hupata taarifa, huenda nyumbani kwa mgonjwa, hupima wanakaya wengine na kuuliza nani alisafiri. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za simu zilizopigwa katika miezi mitatu ya mwaka 2008, bila majina ya wenye simu, ili kukadiria safari za Wazanzibari. Ulionesha kwamba wengi huenda Dar es Salaam na kurudi upesi, na hao hawana hatari kubwa ya kuja na vimelea vya malaria. Hatari zaidi iko kwa wachache wanaokaa muda mrefu katika mikoa yenye malaria nyingi. Hapo data ilisaidia kwa sababu kila tarakimu ilikuwa na kipimo nyuma yake, au ilikuwa na swali lililo wazi, na upande wa pili palikuwa na mtu mwenye jukumu la kuifanyia kazi.

Kuhusu sheria na heshima. WhatsApp hufunga ujumbe wake ili asiye ndani ya mazungumzo asiusome, kwa hiyo programu ya kijana wako italazimika kukaa ndani ya simu ya mwanakundi mmoja na kunakili wanayosema wenzake. Kufanya hivyo kwa siri ni kuwavunjia amana watu waliodhani wanazungumza na majirani, na programu zisizoruhusiwa zaweza pia kuifanya kampuni ikufungie namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu katika fungu la taarifa nyeti; na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, ulizia Wizara ya Afya Zanzibar namna mambo haya yanavyosimamiwa kwetu kabla hamjakusanya chochote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa usambazaji wa taarifa za uongo kwa kusudi la kupotosha. Wewe huna kusudi hilo, lakini tangazo la "kipindupindu kimeingia shehia fulani" lililotolewa kabla ya kipimo laweza kumharibia muuza samaki soko lake na kuwafanya watu wa mtaa huo wafiche wagonjwa wao kwa kuona haya. Ugonjwa uliofichwa ni mbaya kuliko ule usiojulikana. Neno kipindupindu liacheni kwa maabara na kwa wizara. Pemba mna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, tangu mwaka 2000, kwa hiyo kipimo hakiko mbali.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningelieleza kundi zima, sheha akiwapo, kwamba habari za matumbo zinazoandikwa humo zitaangaliwa na watu wawili wanaojulikana, mmojawapo akiwa ni wewe, na kwamba asiyetaka kuandika hadharani akutumie peke yako au akupigie. Anapotokea mmoja, unauliza mambo machache: mgonjwa ana umri gani, alianza lini, anaharisha maji matupu au vipi, yuko mtaa gani na wanateka maji wapi. Unaandika kwenye daftari umri, tarehe, mtaa na kisima, bila jina. Siku hiyohiyo unampigia mtu wa kituo cha afya mliyekubaliana naye tangu mapema. Mtoto mchanga anayeota meno na kuharisha kidogo si habari sawa na mtu mzima aliyeharisha maji yanayofanana na yaliyooshewa mchele; huyu wa pili, hata akiwa mmoja, usisubiri apatikane wa kumfuatia. Watu watatu wa kisima kimoja ndani ya siku mbili ni habari ya kumwamsha afisa wa afya wa wilaya usiku. Katika kundi la watu mia mbili, macho yako na masikio yako yatayafanya haya vizuri kuliko programu yoyote ninayoijua, na nadhani ulikuwa ukiyafanya tayari bila ya kuyapa jina.

Nilisema kuna kitu kinachochelewesha, na ni hiki: mara nyingi ujumbe huwa umeshasomwa na watu mia, lakini hakuna aliyekubaliana na mwengine nani apige simu, kwa nani, na nani ataingia njiani kwenda kwa mgonjwa. Programu itapunguza dakika za kusoma. Haitapunguza saa za kungojana.

Kijana wako usimkatishe tamaa. Kazi yenye maana anayo, na ni ngumu kiasi cha kumtosha msomi: kukusanya, kwa ridhaa ya wenyewe na baada ya kuondoa majina, sentensi ambazo Wapemba na Waunguja huzitumia kuelezea maradhi, na kuziwekea alama kwa msaada wa wahudumu kama wewe, ili mifumo ya ngazi ya taifa ipate cha kujifunzia. Hiyo itahesabiwa kuwa utafiti, kwa hiyo apitie kwa walimu wake na kuomba idhini ya maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar kabla hajagusa ujumbe wa mtu. Aanze na mambo ya zamani, aone kama programu yake ingeutambua msimu uliokwisha kupita ambao haikufundishwa nao. Ikishindwa hapo, asiipeleke kwa watu.

Lililo juu ya yote haya ni mgonjwa mwenyewe. Kipindupindu huanza saa chache hadi siku tano tangu mtu kuvimeza vijidudu, na kikiwa kikali chaweza kuua ndani ya saa kadhaa kwa kukausha maji mwilini. Mtu anayeharisha maji mfululizo, aliyebonyea macho, anayeshindwa kukojoa au aliyelegea hata kusimama hawezi, apewe maji ya chumvichumvi (ile dawa ya unga ya ORS iliyochanganywa na maji safi) akiwa njiani na apelekwe kituo cha afya au hospitali, usiku au mchana. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Hapo hakuna kuandika kwenye kundi kwanza.

Kabla mvua hazijaanza, nenda mwenyewe ofisi ya afya ya wilaya pamoja na sheha, mchukue na daftari lako. Ulizeni nani hasa apigiwe simu siku za kazi na nani siku za mapumziko, simu hiyo ikikosa kupokelewa apigiwe nani mwengine, nani anakwenda kwenye madago ambako kundi lenu halifiki, na kama kituo chenu kina chumvichumvi za kutosha kwa wiki ya kwanza.